Korneti na tarumbeta kuukuu: anza na pistoni, mng'aro baadaye

Anayenunua korneti kuukuu (chombo cha kupuliza cha shaba, ndugu mfupi wa tarumbeta) kwa mara ya kwanza hutazama rangi. Ni kosa la kawaida, na wauzaji wanalijua. Chombo kilichofifia na kujaa mikwaruzo, hata kikiwa kimebonyea kidogo kwenye kengele (ule mdomo mpana wa mbele), kinaweza kupigwa miaka mingi bado. Kilichosuguliwa kwa mashine na kupakwa vanishi mpya huenda kimepunguzwa unene wa shaba. Tazama nakshi na maandishi ya kiwanda: yakiwa hafifu kana kwamba yamefutwa, na mikwaruzo iko chini ya vanishi badala ya juu yake, kimepitia mikono hiyo.

Kitu cha kupima kwanza ni kama pistoni, zile nguzo za ndani ya vali zinazobonyezwa kwa vidole, zinashika hewa. Tia mafuta mepesi kwenye pistoni, kisha ziache zote juu. Vuta slaidi (kipande cha bomba kinachochomoka) ya vali ya tatu sentimita 2 bila kubonyeza chochote, hesabu hadi tano, ndipo ubonyeze pistoni ya tatu. Ukisikia mlio kama wa kizibo kinachotoka chupani, hewa haijapita. Kukiwa kimya, kuna mwanya. Kabla ya kuilaumu pistoni, paka slaidi ile grisi nzito urudie, maana slaidi iliyolegea hutoa majibu yaleyale. Fanya hivyo kwa vali zote tatu. Ukikuta pistoni zimepakwa mafuta mazito kupita kiasi, zifute, tia mepesi na upime upya: mafuta mazito huficha uchakavu. Kuchovya pistoni upya kwa tabaka la metali na kuzisaga zienee kwenye silinda ni kazi ya karakana maalumu, na kwa chombo cha kawaida gharama yake hupita bei ya chombo chenyewe.

Baada ya hapo chomoa slaidi kuu, ile ya kutuni chombo kizima, umulike kwa tochi ndani ya bomba la kwanza, lile linalopokea mauthpisi (kipande cha kupulizia). Nje ya bomba hilo tafuta madoa ya waridi, hasa yenye kitone cheusi katikati. Shaba ya vyombo hivi ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki. Mate na unyevu vikikaa ndani, zinki huliwa na kubaki shaba nyekundu yenye vinyweleo. Doa unaloliona nje limeanzia ndani, kwa hiyo kulisugua hakusaidii. Bomba likishatoboka hubadilishwa zima. Madoa mawili matatu si sababu ya kukataa chombo kizuri, ila yapunguze bei.

Sasa suala ambalo limewatesa wengi: sauti iliyo juu kuliko bendi nzima. Bendi za shaba za Uingereza, pamoja na zile za Jeshi la Wokovu, zilipiga kwa kipimo cha juu, noti ya A ikiwa karibu hezi 452 badala ya 440 ya leo, hadi katikati ya miaka ya 1960. Jeshi hilo, lililoanza kazi Kenya mwaka 1921, lilikuwa na kiwanda chake cha vyombo mjini St Albans, Uingereza, na kilinunuliwa na kampuni ya vyombo ya Boosey & Hawkes mwaka 1972. Kwa hiyo korneti ya zamani yenye jina la Besson, Boosey au kiwanda hicho cha St Albans inaweza kuwa nzima kabisa na bado ikagoma kuelewana na kinanda. Fungua programu ya kutuni kwenye simu, upige G ya wazi (bila kubonyeza pistoni), ambayo programu itaisoma kama F, karibu hezi 349. Vuta slaidi kuu hadi ikae sawa. Ukivuta sentimita 1 hadi 1.5, chombo ni cha kipimo cha leo. Ikikudai sentimita 3 au zaidi, au slaidi ikaisha kabla hujafika, ni cha kipimo cha juu.

Hicho bado kinafaa kwa mtu mvumilivu. Tofauti ya 452 na 440 ni takriban asilimia 3 ya urefu wa bomba, yaani sentimita 4 kwa korneti ya B-flati, na kwa kuwa slaidi ina miguu miwili unavuta sentimita 2 zaidi ya kawaida. Wengi husahau kwamba slaidi za vali nazo lazima zivutwe kwa kiasi hichohicho cha asilimia: ile ya kwanza milimita 2 hadi 3, ya tatu zaidi kidogo, ya pili kiasi kidogo sana. Ukivuta kuu peke yake, noti za wazi zitakaa na za vali zitapanda. Vyombo vya Marekani vya mwanzoni mwa karne ya 20 mara nyingine vimegongwa herufi HP kwa kipimo cha juu na LP kwa cha chini. Kwa mgeni, kununua HP ni kujitafutia kesi.

Mauthpisi ya tarumbeta haiingii kwenye korneti, kwani mguu wake, sehemu inayoingia bombani, ni mnene. Na korneti za zamani za Kiingereza zina tundu jembamba kuliko la korneti za leo, hivyo mauthpisi mpya inaweza kusimama nusu njia. Usikate wala kusaga kitu. Tafuta yenye mguu unaolingana, la sivyo sauti itayumba hata kama kila kitu kingine ni kizima.

Slaidi na kofia za vali zilizoganda ndizo zinazoua vyombo vingi, hasa zikikutana na koleo. Tia mafuta ya kupenya kwenye maungio, acha usiku kucha, rudia siku kadhaa. Kisha pitisha kitambaa imara kwenye kitanzi cha slaidi uvute kwa mtikiso mfupi, sawa na mstari wa mabomba. Kofia ya vali igongegonge pande zote kwa kipande cha mti kabla ya kuifungua kwa mkono. Mauthpisi iliyokwama haizungushwi: ukiizungusha unang'oa lehemu ya mihimili inayoshika mabomba. Inavutwa kwa kifaa chake, nacho hupatikana kwa mafundi wa vyombo vya bendi.

Kuosha ni kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, kwenye karai lenye kitambaa chini. Maji ya moto hubandua vanishi. Toa pistoni zote, zioshe pembeni kwa kitambaa laini, na usiloweke felti (vile vipande laini vya sufu vya kwenye vali) wala kizibo cha kitundu cha mate. Mabomba yapitishe brashi ya nyaya iliyofunikwa plastiki. Chombo kizima kioshe kila miezi miwili au mitatu. Bomba la kwanza na mauthpisi kila wiki. Ndimu, ukwaju na majivu ni mambo ya sinia za shaba. Hapa asidi hufanya kazi ileile ya kula zinki, na chembe za majivu zikiingia kwenye silinda zinachora pistoni. Brasso nayo iache kwa shaba tupu ya nje. Kwenye mchovyo wa fedha inakwangua fedha yenyewe.

Ukirudisha pistoni, soma namba. Ya 1 ndiyo iliyo karibu nawe. Zungusha taratibu hadi kijino kiingie kwenye mfereji wake. Ukipuliza hewa isipite, umechanganya namba au umegeuza pistoni. Korneti nyingi za Kiingereza zina springi chini ya pistoni, ndani ya kofia ya chini, kwa hiyo ukifungua chini zitaanguka: zipange kwa mpangilio, na usizivute kuzipa nguvu.

Felti hudharauliwa mno. Ile iliyo chini ya kitufe cha kidole ndiyo inayoamua pistoni itashuka hadi wapi. Ikisagika, pistoni inapita kiasi na tundu lake halikutani na bomba. Chomoa slaidi ya vali ya pili, bonyeza, chungulia kwa tochi: ukiona ukuta wa pistoni umekata duara na kuacha umbo la hilali, weka felti nene zaidi. Baadhi ya vijiti vya pistoni vina mstari uliochongwa unaoonyesha kimo sahihi pistoni ikiwa juu.

Kuhusu mafuta, pistoni iliyochakaa inataka mafuta mazito kidogo. Yamaha huuza aina iitwayo Vintage, na Hetman namba 3 hufanya kazi hiyohiyo. Matone matatu kwa kila pistoni yanatosha. Usichanganye ya sintetiki na ya petroli, osha kwanza. Mafuta ya taa hukauka haraka, ya kupikia hugeuka gundi, na ya nazi huganda chini ya nyuzi 24 hivi, kwa hiyo asubuhi ya Arusha au Nairobi pistoni hazitoki juu. Ya cherehani yatakuvusha onyesho moja, basi.

Chombo cha kuanzia? Olds Ambassador, kilichotengenezwa Fullerton, California, hadi kampuni ilipofungwa mwaka 1979, ni imara na hakina ufundi wa kukuchosha. Conn Victor, korneti yenye gurudumu dogo la kutuni, inapendeza, lakini mtambo ule ukishika kutu unahitaji fundi anayeujua. Fundi wa redieta si huyo: moto wake ni mkubwa, na lehemu aliyoizoea haikusudiwi mabomba membamba hivi.

Ukikiweka chini, kilaze slaidi ya vali ya pili ikitazama juu. Ikigongwa, silinda ya katikati hubonyea na pistoni hukwama. Pwani, futa jasho na chumvi kila baada ya kupiga, maana kutu ya kijani huanzia hapo. Chombo cha fedha usikifunge kwa mpira wala gazeti, kwa kuwa salfa iliyomo hukitia weusi.