Siku Moja ya Mtu ni ya Nani?

Mwanangu,

Umeniuliza kwenye simu: "Baba, hiyo kampuni ya magereza hisa zake zinalipa vizuri, na vyumba vyao ni visafi. Ubaya uko wapi?" Nilikwepa kujibu kwa sababu nilijua ningekujibu kwa hasira.

Usafi siubishii. Magereza mengi ya serikali ni machafu, tena mno. Mimi naangalia malipo. Mara nyingi kampuni hulipwa kwa kichwa, kwa siku. Sasa mchukue kijana aliyebakiza wiki tatu atoke, kifungo kimepunguzwa kwa tabia njema. Asubuhi, kwenye foleni ya chakula, anamjibu askari kwa mkato. Askari anatoa kalamu: "utovu wa nidhamu". Siku 30 za msamaha zimefutwa. Kijana amepoteza mwezi. Mwajiri wa askari amepata malipo ya siku 30. Huenda askari mwenyewe hana hila yoyote, na mshahara wake ni mdogo. Lakini aliyeshika kalamu ile analipwa na anayefaidika na kilichoandikwa.

Huko Arizona, Marekani, kulikuwa na mikataba iliyoihakikishia kampuni vitanda vijae kwa asilimia 100. Kitanda kikibaki kitupu, serikali inakilipia vilevile. Na Pennsylvania, katika wilaya ya Luzerne, majaji Ciavarella na Conahan walipokea zaidi ya dola milioni 2 kutoka kwa watu wa mahabusu binafsi za watoto. Msichana mmoja alifungiwa kwa kumdhihaki naibu mkuu wa shule yake mtandaoni! Mwaka 2009 mahakama ya juu ya jimbo ilifuta hukumu za maelfu ya watoto. Ciavarella alipewa miaka 28.

Mwaka huohuo wa 2009 Mahakama Kuu ya Israeli ililikataa gereza binafsi lililokuwa limeshajengwa. Haikungoja mfungwa apigwe. Ilisema kumnyima mtu uhuru ili kampuni ipate faida kunamvunjia utu, hata angelala pazuri.

Hisa ni pesa zako, siwezi kukushika mkono. Ila kabla hujanunua, waombe wakuonyeshe ukurasa wa malipo. Uone kama wanalipwa kwa kitanda, kwa kichwa, au kwa mtu aliyetoka na hakurudi tena. Ukikuta hilo la mwisho, nipigie hata usiku.

Baba yako