Jaji Atakuuliza Umejuaje: Kwa Wanaoanza Mradi wa Njia ya Oregon

Msimu wa National History Day, mashindano ya wanafunzi ya kutafiti historia, umefika tena hapa Idaho, na tayari nimeshaona gari la Conestoga kwenye bango. Jamani, kila mwaka Conestoga! Lile lilikuwa gari zito la kubebea shehena kule Pennsylvania, na maksai wangekufa nalo njiani kabla ya kuiona milima ya Rocky. Wahamiaji wengi wa Njia ya Oregon, wale walioelekea magharibi kwa magari ya maksai katika karne ya 19, walitumia gari la kawaida la shambani, bodi yake ina urefu wa kama mita 3 na upana wa mita moja na kidogo, wakalifunika kwa turubai. Mtoto aliyeandika Conestoga si mvivu. Amenakili bango la mwaka jana, na la mwaka jana lilinakili la mwaka juzi.

Kwa hiyo naandika kwa ajili ya watoto wetu wa Boise na Twin Falls, ambao wazazi wao wengi wametoka Kongo wakapitia kambi za Tanzania, Uganda au Burundi, na kwa kaka na dada wanaojitolea kuwasimamia kwa mara ya kwanza. Kanuni mnazo: dakika 10 za dokumentari, maneno 500 ya bango, maelezo ya mchakato, bibliografia yenye ufafanuzi. Sizirudii. Someni kijitabu cha mwaka huu, maana hubadilishwa.

1. Chukueni kipande kidogo.

Njia nzima ina zaidi ya kilomita 3,200, kuanzia Independence, Missouri, mpaka Oregon City. Ukiigawa kwa dakika 10, kila dakika inakimbia kilomita 320, na hakuna binadamu utakayemwona kwa mwendo huo. Chukueni Three Island Crossing kwenye mto Snake. Hapo msafara ulikuwa na uamuzi mmoja wa kufanya: kuvuka mto kwa kurukia visiwa ili kufika ukingo wa kaskazini wenye maji na majani, au kubaki kusini kwenye mawe na ukavu. Kina baba walibishana pale, maksai walizama pale, na shajara zipo. Au chukueni Bonneville Point, nje kidogo ya Boise, ambapo mitaro iliyochimbwa na magurudumu bado inaonekana ardhini na ukigeuka unaliona bonde lote la mto Boise. Mnaweza kwenda Jumamosi na kurudi kabla ya chakula cha mchana.

2. Kila chanzo kiulizwe: wewe ulikuwepo?

Hapa nitakaa, mnivumilie, kwa sababu hapa ndipo miradi mizuri inapofia.

Kulikuwa na timu ya wasichana wa darasa la nane. Walifanya kazi kwa bidii ambayo bado naiheshimu. Mada yao ilikuwa Uhamiaji Mkubwa wa 1843, ule msafara wa watu wapatao 1,000 uliothibitisha kwamba familia nzima inaweza kufika Oregon na magari yake. Katikati ya bango waliweka picha ya kuchorwa, nzuri mno: magari meupe yamefuatana mstari mmoja, nyuma yake miamba ya Scotts Bluff. Chini yake waliandika kwa herufi kubwa kwamba hivi ndivyo wahamiaji wa 1843 walivyoiona njia. Kwenye bibliografia picha ilikaa upande wa vyanzo vya msingi, yaani vya watu waliokuwepo wakati wa tukio.

Jaji alikuwa mzee mpole. Aliwasifu kwanza, akasogea karibu na picha, akauliza nani aliichora. Kiongozi wao alijibu haraka: William Henry Jackson. Mzee akauliza, Jackson alizaliwa lini?

Wasichana wakatazamana.

Jackson alizaliwa Aprili 1843. Msafara ulipong'oa nanga Missouri mwezi Mei, yeye alikuwa kichanga cha wiki chache huko New York. Njia hii aliipita mwaka 1866, kijana mswaga maksai. Baadaye akapata jina kwa picha za kamera alizopiga Yellowstone mwaka 1871, na picha nyingi za njia tunazozipenda alizichora akiwa mzee kabisa, katika miaka ya 1920 na 1930. Alifariki mwaka 1942.

Kama kosa lingekuwa la maelezo ya picha peke yake, wangepona. Lakini hoja yao yote ilikuwa imejengwa juu ya ile picha. Walikuwa wamesema magari yalikwenda mstari mmoja muda wote, kwamba nidhamu hiyo ndiyo iliyowaokoa, na ushahidi wao ulikuwa mstari ule wa magari meupe. Mzee akawauliza kwa sauti ya chini kama wamewahi kusoma shajara yoyote inayolalamikia vumbi. Hawakuwa wamesoma. Kwenye tambarare pana magari yalitawanyika yakaenda sambamba, kila mmoja akikwepa vumbi la mwenzake. Kiongozi wao alijitetea kwamba picha wameitoa kwenye tovuti ya serikali. Ilikuwa kweli, maana mkusanyiko mkubwa wa michoro ya Jackson unatunzwa Scotts Bluff National Monument. Lakini mzee hakuwa ameuliza picha inatunzwa wapi. Alitaka kujua mchoraji alijuaje.

Asilimia 80 ya alama ziko kwenye ubora wa historia yenyewe. Unaweza kukata herufi kwa mkasi wa dhahabu, hazitakuokoa.

Yule kiongozi siku hizi anasimamia wadogo zake, na ndiye aliyeniomba niisimulie habari hii kwa urefu. Anasema kilichomuuma si kukosa nafasi. Kilichomuuma ni kwamba jibu lilikuwa mbele yao muda wote, kwenye ukurasa uleule walioitoa picha, na hakuna aliyeteremka chini kusoma mwaka. Mwaka uliofuata waliichukua picha ileile wakaiuliza swali jingine: kwa nini wazee wa miaka ya 1920 na 1930 walikuwa na shauku hivyo ya kuichora na kuiwekea mawe njia iliyokwisha kazi? Wakamkuta Ezra Meeker. Alipita akiwa na miaka 21, mwaka 1852, kisha mwaka 1906, mzee wa miaka 75, akafunga maksai akairudia njia kuelekea mashariki akisimamisha mawe ya kumbukumbu mijini. Mwaka 1907 akalifikisha gari lake Washington mbele ya Rais Theodore Roosevelt. Kwa mada hiyo, mchoro wa Jackson ni chanzo cha msingi halali kabisa, kwa sababu alikuwepo wakati huo wa kukumbuka, na wasichana wakaweza kuutetea mbele ya jaji yeyote.

Basi kwenye kila chanzo andikeni mambo matatu: nani, alikuwepo, aliandika au kuchora lini. Shajara ya jioni ile na kumbukumbu za miaka 50 baadaye zote zina kazi, ila si kazi moja.

3. Msiache sinema ziwaambie juu ya wenyeji, watu wa asili wa Marekani.

Bado napokea rasimu ambazo ukurasa wa pili tu magari yameshapangwa duara na mishale inaruka. Duara lilikuwa hasa zizi la mifugo usiku. Mwanahistoria John D. Unruh alihesabu vifo vya kuanzia 1840 hadi 1860: wahamiaji 362 waliuawa na wenyeji, na wenyeji 426 waliuawa na wahamiaji. Kipindupindu kiliua wengi zaidi kwa mbali, hasa kuanzia 1849. Hapa kwetu Idaho kulikuwa na mashambulizi ya kweli, kama lile la msafara wa Ward mwaka 1854, wala msiyafiche. Lakini waandikeni pia Washoshone waliowauzia wahamiaji samoni pale Salmon Falls, na mwandike nyasi na wanyama wa watu hao vilivyomalizwa na misafara. Washoshone na Wabannock wapo leo, kwenye hifadhi yao ya Fort Hall hapa Idaho. Waandikieni barua kwa adabu na mapema, msisubiri wiki ya mwisho.

4. Maswali ya nyumbani kwenu ni mtaji.

Mvulana mmoja, ambaye familia yake imekaa kambi ya Nyarugusu, Tanzania, miaka mingi, alinisikiliza nikieleza bonde la mto Platte, sehemu ya njia isiyo na miti, halafu akauliza: kuni walitoa wapi? Sijawahi kusikia mtoto mwingine akianza na swali hilo. Yeye mama yake aliwahi kutembea nusu siku kutafuta kuni, kwa hiyo aliona mara moja kwamba nchi isiyo na miti ni shida ya jikoni. Jibu ni kwamba walichoma kinyesi kikavu cha nyati wa Marekani. Wanawake na watoto walikiokota njiani kwa aproni na magunia, na shajara zinaonyesha waliokinyanyapaa wiki ya kwanza na waliokizoea wiki ya pili. Kutokana na swali moja alipata mradi mzima kuhusu kazi za wanawake safarini. Dada, kaka, mnapowasimamia msiwanyamazishe wakianza na maji, viatu, mtoto mgonjwa, nani alibeba nini. Wanajua pa kugusa.

5. Tuzo za vyama ni mlango mwingine.

Vyama vya kuhifadhi njia za kihistoria, kama Oregon-California Trails Association cha mwaka 1982 na Santa Fe Trail Association cha mwaka 1986, huwatunuku watu kwa kazi ya ardhini na ya elimu. Anayependekezwa hapimwi kwa anavyoipenda historia. Anapimwa kwa vitu kama vipimo vya GPS, picha za kabla na baada, nguzo za alama zilizosimamishwa upya, mwenye shamba aliyekubali mitaro isilimwe, walimu waliofundishwa. Msimamizi mpya, anza daftari leo lenye tarehe na mahali, maana barua ya kupendekeza iliyoandikwa kwa sifa tupu husomwa na kuwekwa pembeni.

6. Mkienda uwandani.

Ombeni ruhusa kabla ya kuingia shamba la mtu, na geti mlilolikuta limefungwa lifungeni. Msitembee ndani ya mitaro, hasa mvua ikinyesha. Msumari, kipande cha chungu, pete ya gurudumu: pigeni picha, andikeni mahali, mkiache palepale. Sheria ya shirikisho ya 1979 inalinda vitu vya kale kwenye ardhi ya serikali, na zaidi ya sheria, kitu kilichohamishwa hakimwambii tena mpimaji njia ilipita wapi. Na chukueni maji ya kutosha. Bonneville Point haina kivuli.