Mhitimu wa umeme na elektroniki: kadiria kwanza, ndipo upime

Kwenye usaili wa kazi, mhitimu haulizwi sana fomula. Cheti kinatosha kuonyesha kwamba alizipitia. Kinachotafutwa ni kama anaweza kutaja jibu la takribani kabla hajashika kipimo, na kipimo kikitoa jibu jingine, kama anajua aanzie wapi kuchunguza.

Chukua chanzo cha volti 10 na rezista mbili za megaomu 1 zilizofuatana. Kwenye rezista ya chini kuna volti ngapi? Kila mtu atasema 5. Sasa pima kwa multimita ya kidijitali ya kawaida: itasoma kama 4.76. Hakuna kilichoharibika. Multimita nyingi zina ukinzani wa ndani wa megaomu 10, na ukiiweka sambamba na megaomu 1 unabaki na megaomu 0.91, hivyo volti inashuka. Aliyezoea benchi huitaja multimita mara moja. Asiyezoea huanza kubadilisha rezista. Rudia kwa rezista za kiloomu 1 na tofauti haionekani tena.

Ukinzani huohuo mkubwa ndio unaofanya waya usiounganishwa popote, lakini uliopita karibu na waya wenye umeme, uonyeshe volti kadhaa za uongo. Kinyume chake ni hatari zaidi: kipimo kibovu kinachosoma sifuri. Kabla ya kugusa chochote, pima kwanza chanzo unachojua kina umeme, kisha pima saketi yako, kisha urudi kwenye chanzo kile. Anayeruka hatua ya tatu hajathibitisha kitu.

Na ukimaliza kupima ampea, rudisha waya mwekundu kwenye tundu la volti. Ukiuacha kwenye tundu la ampea kisha ukagusisha ncha kwenye chanzo cha umeme, umetengeneza shoti. Fyuzi ya ndani ikikatika, weka ya aina ileile. Kipande cha waya hakifai hata kwa dakika moja. Oskiloskopu, chombo kinachochora volti kwenye skrini, nayo ina mtego wake: kibano cha proba (waya wake wa kupimia) huwa kimeungwa na ethi ya jengo, kwa hiyo ukikibana kwenye waya laivu ni shoti nyingine. Hapo hutumika proba ya difarensha, inayopima kati ya nukta mbili bila kuunga yoyote na ethi.

Joto ndilo somo ambalo wahitimu wengi hawalifanyii hesabu. Regyuleta ya 7805, kifaa kinachoshusha volti hadi 5 tulivu, ikipewa volti 12 na kutoa volti 5 kwa ampea 0.5, inabaki na volti 7 mara ampea 0.5, yaani wati 3.5 za joto. Kwa umbo la TO-220 (ganda dogo lenye bamba la chuma mgongoni) bila hitisinki, yaani chuma cha kupoza, kila wati hupandisha joto kwa takribani nyuzi 65 za Selsiasi. Zidisha: zaidi ya nyuzi 220 juu ya joto la chumba. Haitafika huko, kwa sababu ulinzi wake wa ndani utaikata mapema. Itapoa, itawaka, itakata tena. Maikrokontrola, chipu yenye programu inayolishwa na regyuleta hiyo, inajizimazima, na mhitimu anatumia siku nzima kutafuta kosa kwenye programu.

Upande wa umeme mkubwa, jaribu mota ya fezi tatu ya kilowati 7.5, volti 400, pawa fakta (sehemu ya mkondo inayofanya kazi kweli) 0.85, ufanisi asilimia 88. Gawanya 7,500 kwa (1.732 × 400 × 0.85 × 0.88), unapata takribani ampea 14.5. Wanaopata 12.7 wamesahau ufanisi: kilowati zilizoandikwa kwenye kibao cha mota ni nguvu ya shafti, si inayovutwa kwenye nyaya. Ikiwashwa moja kwa moja huvuta mara 6 hadi 8 ya mkondo huo, yaani kati ya ampea 87 na 116. Breka ya ampea 16 ya aina B hukata papo hapo kati ya ampea 48 na 80, kwa hiyo mota haitawaka kamwe. Aina C, 80 hadi 160, ni bahati nasibu: leo inawaka, kesho inakata. Aina D, 160 hadi 320, inavumilia. Lakini ukiichagua hujamaliza. Ili breka ikate papo hapo, lazima hitilafu ya ethi (waya laivu ukigusa ethi) iweze kupitisha ampea 320. Kwa volti 230 hadi ethi, ukinzani wa mzunguko mzima usizidi omu 0.72. Ulinzi wa mzigo uliozidi ni kazi ya ovalodi, relei inayozima mota ikivuta mkondo kupita kiasi kwa muda, inayosetiwa kwa ampea za kwenye kibao.

Mambo madogo ya elektroniki hayahitaji maelezo marefu: kapasita ya nanofaradi 100 karibu kabisa na pini za umeme za kila IC (chipu), diodi ya kinyume kwenye koili ya relei inayoendeshwa na transista, rezista ya kuvuta juu kwenye pini ya kuingizia isiyo na kazi. Kwenye karatasi ya data, jedwali la viwango vya juu kabisa ni la mipaka ya kuharibika. Anayesanifu hutumia jedwali la hali ya kazi. Kwa kuandika programu za maikrokontrola, lugha ya C inatosha kuanzia.

Mazoezi yenyewe ni ya gharama ndogo. Jenga saketi yenye chanzo cha volti 12, regyuleta, maikrokontrola na relei moja. Chora jedwali la safu tatu: ulichokadiria, ulichopima, sababu ya tofauti. Safu ya kwanza ijazwe kwa kalamu kabla umeme haujawashwa. Njoo nalo kwenye usaili, hata kama safu ya tatu ina mistari iliyokatwakatwa.