Nani aseme mwanafunzi huyu ameiva? Maswali ya wauguzi na wakufunzi

Maswali ya safari hii yametoka kwa wakufunzi, muuguzi wa wodini na mwanafunzi mmoja. Karibu yote yanagusa jambo moja: vyuo vimehamia mtaala unaozingatia umahiri, yaani unaompima mwanafunzi kwa anachoweza kufanya, lakini wanaoutekeleza bado kila mmoja yuko kivyake.

Swali: Tumebadili mtaala, ila kila mkufunzi anapima kwa jicho lake. Mwanafunzi anafaulu kwangu, anafeli kwa mwenzangu. Tunataka kuanzisha kikundi cha wakufunzi. Tuanzie wapi?

Anzeni na stadi moja, tena ile mnayodhani haina ubishi. Chukueni kupima presha. Mwombeni mwanafunzi mmoja, kwa ridhaa yake, apime mbele yenu nyote, na kila mkufunzi ajaze karatasi yake bila kuchungulia ya jirani. Kisha zitandazeni mezani.

Mmoja atakuwa amempa alama zote kwa kuwa amesikiliza mapigo na kusoma namba vizuri. Mwingine amemkata kwa sababu mgonjwa hakupumzishwa dakika 5 kabla ya kupimwa, na mkono ulikuwa unaning'inia badala ya kuegemezwa usawa wa moyo. Wa tatu ameona mkanda ni mdogo kwa mkono ule, na mkanda mdogo huonyesha presha ya juu kuliko ilivyo. Wa nne hayo yote hayakumsumbua. Kilichomuudhi ni kwamba mgonjwa hakuambiwa neno tangu mwanzo hadi mwisho.

Ubishi utakaozuka hapo ndio kazi ya kikundi chenu. Bishaneni mpaka mkubaliane kipi lazima kionekane, kipi kinasameheka kwa anayeanza, na kipi kinamfelisha mtu hapo hapo. Yaandikeni hayo kwa maneno ambayo hata mwanafunzi atayaelewa. Kikao kijacho, stadi nyingine.

Tatizo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1975 Ronald Harden na wenzake wa Dundee, Uskoti, walieleza mtihani wa vituo, ambapo kila mwanafunzi hupita vituo vilevile na kupimwa kwa vigezo vilevile, ili alama isitegemee bahati ya kumpata mtahini fulani au mgonjwa fulani. Vigezo hivyo vilisaidia sana. Lakini karatasi ya vigezo ambayo wapimaji hawajawahi kuijadili pamoja inabaki kuwa karatasi tu.

Swali: Mimi ni muuguzi wa wodini. Chuo kinanitaka nisaini vitabu vya wanafunzi, vya kuandikia stadi walizofanya, mwishoni mwa zamu. Sijawahi kuitwa kwenye kikao chochote. Je, hilo linanihusu?

Linakuhusu kuliko unavyodhani, dada yangu, na chuo kinachokuletea kitabu bila kukualika kikaoni kinakukosea. Wewe ndiye unayemwona mwanafunzi saa nane usiku, wodi imejaa na dripu ya mgonjwa imeacha kutiririka. Mkufunzi haoni hayo akiwa chuoni.

Wakikuita, nenda na swali hili: sahihi yangu inamaanisha nini? Olle ten Cate wa Utrecht, Uholanzi, alileta wazo zuri mwaka 2005, akianzia kwenye mafunzo ya madaktari. Aliwataka wapimaji wajiulize kama wanaweza kumwamini mtu huyu na kazi hii, na chini ya usimamizi wa kiasi gani. Ngazi zake huenda hivi: anatazama tu, anafanya nikiwa pembeni yake, anafanya peke yake ila nikiitwa nafika mara moja, anafanya bila msimamizi, anawasimamia wengine.

Chukua kazi ya kumwongezea mgonjwa damu. Je, utamwachia mwanafunzi ahakiki jina, namba na kundi la damu kitandani wewe ukiwa chumba cha dawa? Mimi nisingemwachia: uhakiki huo ni wa watu wawili, na dakika 15 za mwanzo ndizo za kukaa karibu na mgonjwa, kwa kuwa madhara makubwa mara nyingi hujitokeza mapema. Basi andika kwamba bado anahitaji msimamizi pembeni. Maneno hayo yanamsaidia kuliko alama ya vema. Na ukiombwa usaini kitu ambacho hukukiona kwa macho yako, kataa kwa heshima.

Swali: Nimetundika dripu mara nyingi kuliko idadi iliyoandikwa kitabuni, lakini mkufunzi anasema bado. Ni haki?

Mwanangu, idadi inaonyesha umepata nafasi, haionyeshi umeweza. Lakini una haki ya kuambiwa ni nini hasa kinachokosekana. Muulize hivi: "Ungependa kuona nini ndipo uridhike?" Akikosa jibu, hapo yeye ndiye mwenye kazi ya kufanya.

Swali: Nimefundisha uuguzi tangu zamani na tulitoa wauguzi wazuri. Huu umahiri si jina jipya la mambo yaleyale? Tena nahofia uuguzi utakatwakatwa kuwa visanduku.

Shikamoo mwalimu. Kwa sehemu ni yaleyale, na ndiyo sababu unahitajika kikaoni. Mwaka 1984 Patricia Benner, muuguzi na mtafiti wa Marekani, alieleza muuguzi anavyokua kwa hatua tano, toka mgeni anayefuata kanuni moja moja hadi mbobezi anayehisi mgonjwa anabadilika kabla mashine haijasema. Wewe umefika huko. Kilichobadilika ni kwamba sasa tunatakiwa kusema waziwazi ulichokuwa unakiona kimyakimya.

Hofu yako nyingine, kwamba uuguzi utakatwakatwa kuwa visanduku vya kuwekea vema, naiona ni ya kweli. Iseme kwa sauti. Kikundi kisicho na mtu wa kuisema kitaishia kwenye visanduku.

Swali: Tutunge umahiri wetu wenyewe au tuchukue uliokwisha kuandikwa?

Chukueni, kisha mrekebishe. Shirika la Afya Duniani lilitoa umahiri wa msingi wa wakufunzi wa uuguzi mwaka 2016, na jumuiya ya vyuo vya uuguzi ya Marekani, AACN, ilipitisha mfumo wenye nyanja 10 mwaka 2021. Ulinganisheni na masharti ya baraza lenu la uuguzi, maana hilo ndilo linalotoa leseni.

Swali: Kikundi chetu kilianza kwa kishindo, sasa wanakuja watatu. Tufanyeje?

Angalieni ajenda zenu. Kama ni taarifa na matangazo, walioacha kuja wana sababu. Kila kikao kiwe na kazi halisi ya mwanafunzi mezani na mtu mmoja aliyepangiwa kuileta. Wakuu wa idara waitambue saa hiyo kuwa ni kazi, iingie kwenye ratiba, na muuguzi wa wodini apatiwe mtu wa kumshikia zamu. Hao watatu waendelee kukutana siku ileile, saa ileile, na kila mmoja safari ijayo aje na mgeni, hasa mkufunzi mpya ambaye bado anaona haya kuuliza.