Jibu: Majivu ya pumba za mpunga kwenye udongo uliomwagikiwa oili chafu

Umeuliza kama majivu peke yake yataimarisha udongo laini wa mfinyanzi uliolowa oili ili umwage sakafu juu yake. Peke yake, hapana. Majivu hayo yana silika nyingi (madini yanayopatikana pia kwenye mchanga), lakini silika haigandi bila chokaa au saruji.

Chimba na uondoe sehemu inayonuka na kuteleza. Oili hufunika chembe za udongo, maji na chokaa havipenyi, na mchanganyiko hubaki tepetepe hata ukiongeza chokaa.

Kwa udongo uliobaki, anza majaribio na majivu 8% na chokaa iliyozimwa 5% ya uzito wa udongo mkavu. Tabaka la sentimita 15 lina takriban kilo 240 kwa mita ya mraba, yaani majivu kilo 19 na chokaa kilo 12. Tumia majivu ya kijivu au meupe, yaliyochekechwa. Meusi yana kaboni nyingi, na yaliyoungua kwa moto mkali kupita nyuzi 800 za Selsiasi hupoteza uwezo wa kushikana.

Changanya vyote vikiwa vikavu, ongeza maji (majivu hunywa mengi), shindilia siku hiyohiyo, kisha funika kwa nailoni siku 28. Vaa barakoa, glavu na miwani. Chokaa huunguza macho.

Kabla ya yote, peleka sampuli maabara wapime salfeti (aina ya chumvi) na risasi (metali yenye sumu). Salfeti ikikutana na chokaa udongo huvimba na kupasua sakafu. Risasi nayo huweza kuyeyuka chokaa ikizidi, ikafika kisimani. Mojawapo ikionekana, mwite mhandisi wa udongo.