Sigara havuti, ugoro je?

Dada aliyeanzisha uzi anasema Uingereza wajawazito wanaovuta sigara ni wengi zaidi kati ya wasichana wadogo na wenye kipato kidogo, anauliza kama Uganda ni hivyohivyo.

Kwa umaskini, naona ndiyo. Kwa umri, mimi nimekuta kinyume.

Nimefanya ukunga Karamoja, kaskazini-mashariki mwa Uganda, miaka saba, upande wa Moroto. Mwanzoni nilikuwa nauliza kama wengine: "Unavuta sigara?" "Hapana." Naandika, tunaendelea. Siku moja mama wa mimba ya sita alipanda kitandani nimpime, fundo la shuka yake likafunguka, ugoro ukamwagika mpaka mikononi mwangu. Nikamwambia, mama, si umesema huvuti? Akacheka, akanijibu kwa Kiswahili chake cha kambini: "Sivuti, nanusa." Hakunidanganya hata kidogo.

Tangu hapo nauliza, "Tumbaku unatumia vipi?" Majibu yakageuka. Wasichana wa mimba ya kwanza wengi hawana habari nayo. Wenye nayo ni mama wa miaka thelathini na kuendelea, wale wanaobeba kuni na makaa kwenda kuuza mjini. Ukiwauliza sababu, wanakwambia inakata njaa. Na kweli inakata, nikotini hupunguza hamu ya kula. (Wasichana wa shisha wapo Kampala, ingawa sheria ya 2015 iliipiga marufuku. Hao pesa wanayo.)

Utafiti wa kitaifa wa 2013 ulikuta wanawake wanaotumia tumbaku ni asilimia 4.6, wanaume 11.6. Hapo ugoro na ya kutafuna vimo. Ukihesabu sigara peke yake, mama zangu wa kuni hawaonekani.

Msidhani pasipo moshi hakuna madhara. Moshi una kaboni monoksaidi inayochukua nafasi ya oksijeni kwenye damu, hiyo mnusaji anaiepuka. Lakini nikotini ni ileile, inabana mishipa na kumfikia mtoto. Ugoro nao umehusishwa na kuzaa kabla ya wakati na mtoto kufia tumboni.

Yule mama alipoanza kupata unga wa uji wa wajawazito, alipunguza mwenyewe bila mimi kumhubiria. Mgao ulipokatika, akarudia. Mtoto alizaliwa mdogo, kilo 2.3. Siku hizi kabla ya tumbaku namuuliza mtu amekula nini tangu jana.