Maswali na Majibu: Asilimia 2 ya mshahara na mwakilishi wa chama shuleni

Barua za safari hii zimetoka kwa walimu, na karibu zote zinauliza jambo moja: chama cha wafanyakazi kinanifaa nini mimi niliye huku shuleni? Tumechagua sita. Majibu yanahusu Tanzania Bara, ambako sheria inayoongoza ni Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, na namba za vifungu tunazotaja ni za sheria hiyo. Walimu wa Zanzibar wana sheria zao za kazi na chama chao, ZATU.

Shikamooni. Nimeajiriwa mwaka jana, shule ya msingi. Kila mwezi nakatwa asilimia 2 ya CWT (Chama cha Walimu Tanzania) na sikumbuki kujaza fomu yoyote. Wenzangu wanasema ni lazima kwa kila mwalimu. Ni kweli? Na hela hiyo inanirudia vipi?
*Mwalimu ajira mpya, Namtumbo*

Marahaba, mwalimu. Uanachama si lazima. Sheria inakupa haki ya kujiunga na chama cha wafanyakazi, na hakuna anayeweza kukulazimisha. Makato ya ada ya uanachama yanataka idhini yako ya maandishi kwenye fomu inayoitwa TUF 6.

Kabla ya kulalamika, hakikisha kwanza kama kweli hukuijaza. Siku ya kuripoti mwajiriwa mpya huwekewa karatasi nyingi mezani, za benki, mfuko wa pensheni na bima ya afya, na TUF 6 inaweza kuwa katikati yake. Nenda kwa afisa utumishi wa halmashauri, omba kuona jalada lako. Ukikuta fomu ina saini yako, wewe ni mwanachama.

Usipoikuta, uliza kama makato hayo ni ada ya uwakala. Kifungu cha 72 kinaruhusu chama chenye wanachama wengi, kilichotambuliwa na mwajiri, kufunga mkataba wa kuwakata hata wasio wanachama, kwa hoja kwamba matunda ya majadiliano wanayala wote. Ada hiyo haitakiwi kuzidi ya mwanachama, inawekwa kwenye akaunti yake peke yake, na itumike kwa maslahi ya wafanyakazi wa hapo tu. Omba kuonyeshwa mkataba huo. Kama hakuna fomu wala mkataba, andika barua kwa mkurugenzi ukitaka makato yasimame na uliyokatwa yarejeshwe.

Sasa hesabu. Kwa mshahara wa shilingi 800,000, asilimia 2 ni 16,000 kwa mwezi, yaani 192,000 kwa mwaka. Anayekatwa ada ya uwakala anaweza kulipa hizo hizo, lakini hapigi kura, hagombei, na chama hakina deni la kusimama naye kwenye kikao cha nidhamu. Ndiyo maana ushauri wetu ni kwamba kama hela inatoka, jaza fomu uwe mwanachama kamili. Itakurudia mahali pawili: kwenye meza ya majadiliano ya mishahara na madaraja, ambako mwalimu mmoja mmoja hana kiti, na siku utakayopokea barua yenye jina lako. Hiyo siku ya pili inategemea sana kama shuleni kwako kuna mwakilishi anayejua kazi yake.

Nimechaguliwa kuwa mwakilishi wa chama shuleni kwetu. Tuko wanachama 23. Wilayani hawajanipa maelekezo yoyote, na mwalimu mkuu anasema kazi yangu ni kuleta fulana za Mei Mosi. Nianzie wapi?
*Mwakilishi mpya, Kilosa*

Hongera, mwalimu. Anza na idadi. Kifungu cha 62 kinasema wanachama 1 hadi 9 wana mwakilishi mmoja. 10 hadi 20 wana watatu. 21 hadi 100 wana 10. Zaidi ya 100 wana 15, na kati ya hao angalau 5 wawakilishe wanawake, kama wapo. Kwa wanachama 23 shule yenu ina nafasi 10. Hata mkijaza 4 tu, mzigo utagawanyika: mmoja madai, mmoja nidhamu, mmoja masuala ya walimu wanawake, mmoja mawasiliano na wilaya. Mwakilishi anayebeba yote peke yake huishia kuchoka, au kuhamishwa, na kila kitu huanza upya.

Kazi zenyewe zimeandikwa kwenye kifungu hicho hicho: kumsimamia mwanachama kwenye malalamiko na vikao vya nidhamu, kuwasilisha hoja za wanachama kuhusu kanuni, afya, usalama na ustawi, na kufuatilia kama mwajiri anatimiza sheria za kazi. Unastahili pia muda wa kutosha, wenye malipo, kuzifanya. Toa nakala ya ukurasa huo, mpelekee mwalimu mkuu kwa heshima pamoja na barua ya kukutambulisha kutoka kwa katibu wa wilaya. Ukifika ofisini kwake bila barua hiyo, atakuona umejipa cheo.

Kisha fungua daftari kubwa la kaunta. Chora safu nane: jina, cheki namba (namba ya mtumishi kwenye orodha ya mishahara), aina ya dai, tarehe lilipoanza, kiasi, viambatisho, tarehe ya kuwasilisha, jina la aliyepokea. Safu ya mwisho ndiyo inayookoa madai. Dai lisilo na mhuri wa kupokelewa, ofisini husemwa halijawahi kufika, nawe huna la kujibu.

Madai huanguka kwa sababu zinazojulikana. Kwenye uhamisho, soma sentensi ya kwanza ya barua: ikiandikwa kwamba unahamishwa kwa maombi yako mwenyewe, gharama kwa kawaida hazilipwi. Kama ulihamishwa na mwajiri, barua hiyo irekebishwe kabla hujafungasha. Kwenye nauli ya likizo, ambayo hulipwa kila baada ya miaka miwili, dai hukwama pale jina la mtoto kwenye cheti cha kuzaliwa linapotofautiana na lililo kwenye jalada, au mwenza hajawahi kuingizwa kwenye kumbukumbu. Kwenye malimbikizo ya mshahara baada ya kupanda daraja, ambatisha barua ya kupandishwa, hati ya mshahara ya mwezi wa mwisho wa daraja la zamani na ya mwezi wa kwanza wa daraja jipya. Tofauti kati ya hizo mbili mara idadi ya miezi ndilo dai lako. Mwalimu anayeandika "nadai malimbikizo" bila kiasi atarudishwa. Usikubali kamwe karatasi halisi itoke shuleni bila nakala kubaki.

Walimu 12 wakienda halmashauri kila mmoja kwa siku yake, ni nauli mara 12 na vipindi visivyofundishwa, na kila mmoja ataambiwa asubiri. Tengeneza jedwali moja la shule nzima, limpelekee katibu wa chama wilaya kwa barua, naye alipeleke kwa mkurugenzi na kwenye baraza la wafanyakazi. Angalia kalenda pia: mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai 1, na bajeti ya halmashauri huandaliwa miezi kadhaa kabla. Jedwali la Oktoba au Novemba lina nafasi ya kuingizwa. La Mei limechelewa.

Na itisha kikao cha wanachama walau mara moja kila muhula, dakika 40 zinatosha. Wasomee daftari: yaliyolipwa, yaliyorudishwa, sababu. Walimu wengi wanaosema chama hakifanyi kitu hawajawahi kusomewa kilichofanyika.

Nilikaa siku 4 hospitali na mwanangu. Nilimpigia mkuu wa shule, akakubali kwa mdomo. Sasa nimepewa barua ya kutoa maelezo kwa utoro. Mwakilishi wa chama anaweza kunisaidia, au niombe msamaha yaishe?
*Mwalimu wa sekondari, Kahama*

Pole, mama, na tunamwombea mtoto afya. Usiombe msamaha kwa kosa ambalo hukulifanya. Barua ya msamaha inabaki kwenye jalada, na mbele ya safari itasomwa kama kukiri.

Andika juu ya barua tarehe na saa uliyoipokea, kwa sababu siku za kujibu zinahesabiwa kuanzia hapo. Siku hiyo hiyo mpe mwakilishi nakala. Jibu lenu liwe ukurasa mmoja: tarehe za kulazwa, jina la hospitali, siku na saa ulipopiga simu, nani alikushikia vipindi. Ambatisha karatasi ya kuruhusiwa kutoka hospitali na rekodi ya simu kutoka mtandao wako. Malalamiko ya zamani juu ya mkuu wa shule yaache nje. Yakiingia, kesi itahama kutoka kwenye siku 4 za hospitali na kuwa ugomvi wa watu wawili.

Mkiitwa kikaoni, mwakilishi akae nawe. Anaweza kuuliza mashahidi, kuomba kuona ushahidi, kuomba muda zaidi, na kuandika yanayosemwa. Muhtasari wake utahitajika sana kwenye rufaa. Hawezi kujibu kwa niaba yako wala kushuhudia asichokiona. Jambo likienda Tume ya Utumishi wa Walimu wilayani, mtaarifu katibu wa chama wilaya kabla hujajibu hati ya mashtaka. Uamuzi wa wilaya unakatiwa rufaa Tume makao makuu, na mtumishi wa umma hatakiwi kurukia njia za sheria ya kazi kabla ya kumaliza ngazi za ndani ya utumishi wa umma.

Nataka kuhama CWT niende chama kingine. Nimeambiwa nitakatwa mara mbili.
*Mwalimu, Mbeya*

Inaweza kutokea ukijaza fomu ya chama kipya kabla ya kuondoa idhini ya zamani. Kifungu cha 61 kinataka taarifa ya maandishi ya mwezi mmoja, kwa mwajiri na kwa chama unachokiacha, zote mbili. Wengi hupeleka moja tu. Peleka barua mbili, zigongwe mhuri wa kupokelewa, subiri mwezi uishe, ndipo fomu mpya ianze. Orodha ya mishahara hufungwa kabla ya mwisho wa mwezi, kwa hiyo barua ya tarehe 25 usitarajie ionekane mapema. Kama hati ya mshahara bado ina makato ya zamani baada ya muda huo, barua yenye mhuri ndiyo ushahidi wa kudai yarudishwe.

Jambo moja la kupima: chama chenye wanachama wengi ndicho kinachotambuliwa kujadiliana na mwajiri. Ukihamia chama kidogo, uliza kama kina mtu wilayani kwako wa kukaa nawe kwenye kikao. Kama hakina, umebadilisha jina la makato tu. Na kama chama chako cha sasa kina mkataba wa ada ya uwakala, kujitoa peke yake hakutaondoa makato.

Kwa nini tusigome tu?
*Walimu watatu, Tabora*

Mgomo ni haki yenye masharti, na kwa watumishi wa umma ipo pia Sheria ya Majadiliano ya Pamoja katika Utumishi wa Umma ya mwaka 2003. Julai 30, 2012 walimu waligoma nchi nzima, na ndani ya siku chache Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, ikaamua mgomo haukufuata sheria, wakarudi darasani. Mwalimu anayegoma nje ya utaratibu anajiweka kwenye hatari ya nidhamu akiwa peke yake. Ni bora nguvu hiyo ipelekwe kwenye jedwali la madai na kwenye kura za viongozi wa wilaya, na mtakapochagua, muulize kila mgombea atakagua hesabu za chama lini: sheria inataka zikaguliwe kila mwaka, na mwanachama ana haki ya kuziona ofisini.

Nafundisha shule binafsi. Mmiliki ametangaza kwamba atakayejiunga na chama aandike barua ya kuacha kazi. Tufanye nini?
*Mwalimu, Arusha*

Uanachama wa chama cha wafanyakazi si sababu halali ya kumwachisha mtu kazi; kifungu cha 37 kinasema hivyo waziwazi. Msiandike barua yoyote ya kuacha. Ukiiandika, umejitoa mwenyewe na kesi imekufa. Tangazo la mmiliki lihifadhini: kama ni ujumbe wa simu, upigeni picha ukionyesha namba na tarehe, kama ni la mdomo kikaoni, waliokuwepo waandike siku, saa na maneno yenyewe, kila mmoja kwa mkono wake.

Mkiitwa kwenye kikao cha nidhamu, mna haki ya muda wa kujiandaa, ambao kwa kawaida haupungui saa 48, na ya kusaidiwa na mwakilishi wa chama au mfanyakazi mwenzenu. Kama hakuna wanachama shuleni, mwenzenu huyo anatosha.

Ukiachishwa, una siku 30 kufungua mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA), kwa fomu CMA F.1; kwa migogoro mingine, kama mishahara isiyolipwa, ni siku 60. Zinahesabika siku zote, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Hapa ndipo walimu wa shule binafsi wanapopoteza haki: wanatumia mwezi mzima kumbembeleza mmiliki kupitia mchungaji, shehe au mzazi mwenye jina, siku ya 31 inafika. Ukichelewa, inabidi uombe kwanza kuongezewa muda kwa fomu CMA F.2, ukieleza sababu ya kila siku iliyopita, na unaweza kukataliwa. Mazungumzo yaendelee, lakini fomu iwe imeshafunguliwa, na nakala yake apewe mmiliki huku ukibaki na uthibitisho kwamba ameipokea. Afisa wa chama chako anaruhusiwa kukuwakilisha mbele ya Tume bila wewe kumlipa wakili.